Mwandiko wa Fundi

4 Februari

Ndugu tusiyejuana,

Salamu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi lina serikali yake. Natumai nawe u mzima huko uliko. Unisamehe kwa kukuandikia herufi kubwa kama za ubao wa duka. Macho yangu yamegoma kushughulika na ndogo.

Mimi ni mke wa yule fundi cherehani aliyetunga mashairi. Fundi ametutoka, na kitabu chake ni kimoja tu, kile alichokichapa Mhariri. Juzi Mhariri huyo huyo alikuja kwangu jasho likimtoka, akaketi kabla hajakaribishwa, akatoa picha ya karatasi ya kaki. Akasema wewe ndiye uliyeikuta karatasi yenyewe, na kwamba ni shairi la Fundi ambalo halijapata kuonekana. Akanisomea. Mhariri husoma kama anatangaza vifo redioni, kwa hiyo nikamwomba aniachie nisome mwenyewe.

Umelala, mimi macho, sindano nimeitua,
Taa naipa kificho, usije ukatambua,
Nilichonacho ni hicho, na kingine sijajua,
Nawashona watu wote, nawe wanishona mimi.

Nilisoma, nikaenda jikoni kuteleka chai, nikakaa kuingoja ichemke. Baadaye sana ndipo nikaona sikuwasha moto.

Sasa nikuambie. Nimeishi na Fundi umri mzima. Alitunga juu ya vifungo, juu ya mvua, juu ya mteja mwenye bega moja lililoshuka, hata juu ya farasi, na farasi hakuwahi kumkaribia. Juu yangu hakutunga hata neno. Wala sikumwuliza. Mtu hamwulizi mumewe mambo hayo. Unangoja tu, na baada ya muda kungoja kunakuwa tabia kama tabia nyingine.

Kwa hiyo nakuuliza wewe: umeipata wapi karatasi hiyo? Na je, kuna nyingine?

Mjane wa Fundi


15 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenikuta chumbani kwangu, juu ya duka la fundi saa. Saa za bwana huyu zinagonga kila moja kwa wakati wake na kwa ukaidi wake, kwa hiyo huku juu hatujui kamwe ni saa ngapi. Alasiri inaweza kuanza, ikaghairi, ikaanza tena. Nimeisoma barua yako katika mojawapo ya alasiri hizo, nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma upya.

Mimi ni mwandishi. Nasema hivyo kwa sababu hakuna mwingine anayesema. Nina riwaya mbili ambazo zimelala kwenye ghala la mchapaji, na nasikia panya ndio wasomaji wake waaminifu. Chakula changu kinatokana na kuwaandikia watu hotuba: baba wa bibi harusi, bosi anayestaafu, ndugu wa marehemu. Nimelia kwa vinywa vya watu wengi, Mama. Kwa kinywa changu bado.

Umeuliza karatasi imetoka wapi. Nilinunua koti kuukuu kwenye rundo la mitumba. Ndani ya kola lina lebo ya duka la Fundi. Bitana ilikuwa imefumuka upande mmoja, na nilipoingiza mkono nikagusa karatasi. Kumbe koti zima limetiwa karatasi za kaki kati ya kitambaa na bitana, mabegani na kifuani, na zimeandikwa. Nazitoa polepole kwa wembe zisichanike. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Nadhani zipo nyingine.

Nisamehe na mimi kwa kutumia taipureta. Mwandiko wangu hausomeki.

Kabla sijamaliza, naomba niseme jambo ambalo nimetamani kulisema tangu ujana. Lile shairi la mwisho kitabuni, la shati: mteja hakurudi kuchukua shati lake, likafuliwa, likaanikwa, upepo ukalijaza kifua, na mtu aliyekuwa dirishani akaliamkia akidhani mwenyewe amekuja. Nililisoma nimelala na homa, kwenye kitabu cha kuazima. Homa ilipotoka mimi nilikuwa nimeshaharibika, sikutaka kazi nyingine duniani. Yote niliyoandika tangu siku ile nimeyaandika huku nalitazama shati lile.

Wako,
Mwandishi


1 Machi

Mwanangu,

Nimeamua kukuita hivyo. Mtu anayelia kwa vinywa vya wenzake anahitaji mama. Marahaba.

Picha ya shairi nimeibandika ukutani, juu ya meza ya kukatia. Chumba cha kazi sijakigusa tangu Fundi aondoke. Sanamu ya kupimia nguo bado imevaa nusu ya koti la mtu, mkono mmoja tu, na jua la alasiri likiingia linaupitia ule mkono kama linautafutia mwenziwe. Nikilala mchana nalala humu, kwenye kiti chake. Jana nilimwota ananipima mabega. Alikuwa akitaja vipimo kwa sauti, na midomo naiona, lakini namba sizisikii. Niliamka nimekaa wima kabisa, kama mtu anayepimwa.

Wewe hukumjua, kwa hiyo nikueleze alivyofanya kazi. Fundi hakuwa mtu wa karatasi. Alikuwa akikata kitambaa, mstari ukamjia, anauandika palepale mezani kwa chaki ya kushonea, kati ya kola na mkono wa shati. Akikwama anasogeza kitambaa, anaendelea upande wa pili. Jioni ilipofika alichukua brashi, akaisafisha meza yote, mashairi na vumbi pamoja, akaenda kuoga. Kilichobaki ni kile tu kilichowahi kunakiliwa kabla ya brashi.

Nakueleza haya ili ujue una bahati ya namna gani.

Na hiyo taipureta yako inanisikitisha. Ni kama kusalimiana na mtu aliyevaa glovu. Lakini nami na herufi zangu hizi za ubao sina la kusema, basi tusilaumiane. Likitoka jingine, nitumie. Usiseme unangoja litoke zima. Hata nusu nitapokea.

Mjane wa Fundi


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Limetoka jingine! Namaanisha limetoka kwenye bitana, bega la kulia. Nimekufungia nakala yake humu. Ni juu ya mwanamke anayeukata uzi kwa meno wakati mkasi uko mbele yake, na mumewe anajitia kukasirika ili amwone akifanya hivyo tena. Nadhani utacheka. Nilipomaliza kulisoma nami nilicheka peke yangu, mpaka fundi saa akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio.

Sijui nikuelezeje, tangu karatasi hizi ziingie chumbani kwangu naamka na maneno mdomoni. Nakunywa chai na maneno yapo. Naenda kumpelekea mtu hotuba yake ya kustaafu na njiani maneno yananifuata kama paka wa jirani. Kwa miaka nilikuwa nakaa mbele ya karatasi kama mtu aliyeitwa polisi. Sasa nakaa kama mtu aliyealikwa.

Mhariri anataka kuyatoa yote kitabu kizima. Amenionyesha hata jalada. Ila shirika lake linadai jambo moja: wewe utie saini kwamba mwandiko ni wa Fundi na maneno ni ya Fundi. Bila saini yako kitabu hakitoki. Jina langu litakuwemo ndani, mahali padogo, kama mtu aliyeyagundua. Kwako huenda ni kitu kidogo. Kwangu, Mama, ni mara ya kwanza mtu kunisubiri niandike. Nifikishe. Nilete, nataka kusema. Taipureta hii haina kifutio.

Naomba utie saini.

Mwandishi


2 Aprili

Mwanangu,

Nilikuwa naukata uzi kwa meno kweli. Jino hili la mbele limelika kidogo kwa ajili hiyo. Umejuaje? Yaani, karatasi imejuaje.

Nitatia saini. Mhariri alete fomu yake wakati wowote, kalamu ninayo. Nataka watu wafungue kitabu wasome kwamba palikuwa na mwanamke ndani ya nyumba ile na mtu alimtazama akilala. Sioni aibu kulisema. Nimezeeka, na nilichotaka ni hicho.

Lakini kuna upande wa kushoto wa koti, penye moyo. Umeshafika huko?

Tulikuwa na mtoto wa kike. Aliishi kiasi cha kuijua sauti ya cherehani. Akilia, Fundi anakanyaga cherehani bila kitambaa, mtoto ananyamaza. Alimshonea kikoti cha rangi ya maziwa, akamtilia vifungo vikubwa vya koti la mtu mzima, kwa utani. Alikuwa akivishika vifungo vile kama usukani wa gari. Kisha homa. Tulimzika na kikoti chake.

Asubuhi yake Fundi alifungua duka, akamalizia suruali ya mteja. Hakusema neno, siku ile wala nyingine. Sikumwona akilia. Kila jioni niliitazama meza kabla hajaipiga brashi, juma baada ya juma, mwaka mzima. Palikuwa na vifungo, palikuwa na mvua. Farasi yule alikuja wakati huo. Mtoto hakuwemo.

Nimeishi na mtu ambaye sijui kama alimlilia mwanetu. Kama kuna karatasi, kama kuna mstari mmoja unaosema alijua tulichopoteza, nitafutie. Fumua koti zima ikibidi. Ukiniletea, natia saini, na nadhani nitalala.

Mjane wa Fundi


18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Bado natafuta. Upande ule umeshonwa kwa uzi mgumu. Mvua nazo zimekuja na karatasi zikipata unyevu hazishikiki. Nivumilie kidogo.

Mwandishi


29 Aprili

Mwanangu,

Mhariri amesema atakuja na fomu wiki ijayo. Sikutaka kukusumbua.

Nimemwota amekaa juu ya meza ya kukatia, amevaa kikoti, miguu inaning'inia. Chaki ilikuwa imemjaa viganjani. Nilitaka kuona ameandika nini, lakini alikuwa ameyakalia.

Hata mstari mmoja.

Mama yako


6 Mei

Mama,

Usitie saini.

Koti lipo, nalivaa baridi ikizidi. Ndani ya bitana yake hamna kitu. Karatasi za kaki nilizinunua kwenye duka la vifaa vya ushonaji, nikazichovya kwenye chai, nikazianika dirishani. Mwandiko wa Fundi nilijifunza maktaba, kwenye zile kurasa zake zinazowekwa chini ya kioo. Nilikuwa nakwenda kila asubuhi kama mwanafunzi, nikitazama jinsi anavyoivuta ile “y” chini, anavyosahau nukta. Mkono ukazoea. Kisha nikaandika lile la sindano, la kwanza kabisa, nikampelekea Mhariri aliyewahi kunirudishia riwaya zangu bila hata barua. Alilia, Mama. Alilia mbele yangu. Baada ya hapo ningesimamaje?

Sikukufikiria wewe. Nilidhani namwandika mke wa kubuni, mke wa shairi. Kisha ukaniandikia kuhusu chai na moto, nami badala ya kuacha nikafurahi.

Ulipoomba la mtoto nilikaa kuliandika. Lazima nikuambie na hili. Lilikuja haraka na lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio ulionitia hofu. Nilifika kwenye vile vifungo. Nikajiona nachagua kati ya maneno mawili, natafuta lipi litakuliza zaidi. Niliweka kalamu chini nikatoka nje, nikatembea mpaka nguo zikalowa. Niliporudi nililichana bila kulisoma. Fundi alilia au hakulia, mimi sijui, na siwezi kumliza kwa nguvu ili kitabu changu kitoke.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Unaweza kumwonyesha Mhariri barua hii, unaweza kumwonyesha hakimu. Sina mbele wala nyuma. Linaloniuma ni kwamba ulisema utalala.

Mwandishi wa uongo


20 Mei

Mwanangu,

Tazama mwandiko huu. Unaujua?

Kaa kwanza. Ndiyo. Ile “y” ndefu ni yangu, na nukta ninazosahau ni zangu. Fundi alishika kalamu kuandika vipimo na stakabadhi, basi. Yote yaliyo chini ya kile kioo niliyanakili mimi mezani kila jioni, yeye akiwa anatafuta brashi. Nilikuambia, hukusikia. Kwa hiyo siku Mhariri aliponiwekea ile picha mbele, niliona mkono wangu mwenyewe unasema maneno ambayo sikuwahi kuyaandika. Ndiyo maana nikasahau moto. Na ndiyo maana nimekuandikia kwa herufi za ubao tangu siku ya kwanza, usinishtukie.

Na hilo koti! Fundi angefufuka kwa hasira kama angesikia eti alitia karatasi kwenye bitana. Mteja akitoka jasho siku moja tu si anakuwa amevaa uji?

Kwa hiyo nilijua. Usidhani nilikuwa nakujaribu nilipoomba la mtoto. Nililitaka. Ungeniletea, ningelipokea kwa mikono miwili, ningetia saini, na ningejilazimisha kuamini mpaka niamini. Ulipokataa nilikasirika siku nzima. Nilikutukana humu chumbani, sanamu ni shahidi. Kisha nikachukua chaki.

Lakini kwanza hili. Shairi la shati ni langu. Mhariri alipotaka kuchapa kile kitabu, ukurasa mmoja ulibaki mtupu mwishoni, na mimi ndiye niliyekuwa nanakili, nikaujaza. Fundi alipokisoma kitabu akafika pale akasema, “Hili nililitunga lini?” Nikamwambia, “Ulikuwa na homa.” Akafikiri kidogo. Akasema, “Ni zuri,” akaenda kupiga pasi. Hayo ndiyo mapitio pekee niliyowahi kupata, nayo nimeyatunza.

Unaona basi ulichokifanya. Tangu ujana wako unalitazama shati langu. Ulipojitia kuwa Fundi ulikuwa umejitia kuwa mimi. Ulinitungia mimi kwa sauti yangu, kwa mwandiko wangu, na yakaniingia bila kubisha hodi. Nimecheka, nimelia, sikujua lipi litangulie.

Sasa habari ya chaki. Nilitunga la mtoto. Nilianza mezani, pale alipokuwa amekalia ndotoni, nikajaza meza mpaka ukingoni. Nikalinakili kwenye karatasi. Mhariri alipokuja na fomu nikamweleza yote: mwandiko ni wangu, shati ni langu, na hili hapa jipya ni langu pia. Nikaandika mstari mbele yake aone. Alinishika bega. “Mama,” akasema, “mmeishi pamoja miaka mingi, miandiko hufanana. Majonzi ni kitu kizito.” Kisha akasoma la mtoto, machozi yakamtoka, akaniuliza, “Hili la Fundi ulikuwa umelificha wapi siku zote?”

Nikamnyang'anya ile karatasi nikaitia motoni. Fomu nayo ikafuata.

Mwanangu, nimekuwa na mkono huu tangu nikiwa msichana, na umeshakuwa wa Fundi. Chochote nitakachokiandika nao ni chake. Mtoto nilimbeba mimi, nikamwandika mimi, na hata hapo wakampa yeye.

Mama yako


1 Juni

Mama,

Shikamoo. Huu ndio mwandiko wangu. Sikukudanganya niliposema hausomeki. Fundi saa ameutazama akaniuliza kama naumwa.

Barua yako nilipoifungua niliiangusha. Nilidhani nimejiandikia mwenyewe usingizini. Nilikaa sakafuni nikiisoma, na saa za chini zikawa zinagonga, moja, kisha tatu, kisha kumi na moja, na kila ilipogonga nilikuwa nimefika mstari mwingine ambao nilidhani naujua. Lile shati. Mama, nimekuwa nikikuandikia maisha yangu yote bila kuwa na anwani yako.

Nilikwenda kwa Mhariri. Nilimwambia karatasi za kaki nimeziandika mimi, na nikamtajia duka nilikozinunua. Alicheka mpaka akavua miwani. “Wewe?” akasema. “Wewe nimesoma riwaya zako.” Nikamwomba kalamu nimwandikie palepale. Akasema kuiga mwandiko si kutunga, na kwamba wivu juu ya marehemu haunipendezi. Ananionea huruma. Ameniahidi nikipumzika atanipa kazi ya kusahihisha.

Kwa hiyo wewe umesema kweli hukuaminiwa, na mimi nimesema kweli sikuaminiwa. Wa kutuamini amebaki kila mmoja wetu kwa mwenziwe. Karatasi nimezichukua mezani kwake mwenyewe, hakunizuia, alijua bila saini yako hazina kazi. Sitayaandika tena kwa mkono wako. Nimeanza kitu kidogo kwa huu wangu. Ni kigumu, na asubuhi maneno hayaji tena yenyewe. Inabidi niyafuate.

Swali moja. Lile la mtoto ulilitia motoni. Je, meza uliipiga brashi?

Mwandishi


12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko wako mbaya kweli. Ni kama kuku amekanyaga wino akakumbuka jambo, akarudi. Ilibidi nikae dirishani alasiri nzima, na neno “anwani” nililisoma “ahadi” mara kadhaa kabla sijalipata. Nimeisoma barua yote, na sikumkuta mtu mwingine ndani yake ila wewe. Ningekuwa na cherehani karibu ningeikanyaga kwa furaha.

Lile la sindano nimeliacha ukutani. Ni lako, na mimi ndiye uliyeniandikia, kwa hiyo halitoki hapa. Ukija utatia jina lako chini yake kwa huo mwandiko wako wa kuku, mgeni akiingia asome ni nani.

Sasa sikiliza. Meza sijaigusa. Nakula jikoni. Nikipita karibu nazuia pumzi, na dirisha la upande ule silifungui hata jua likiwaka vipi, maana upepo ukiingia ni brashi tosha. Mistari ya ukingoni imeanza kufifia. Nikikaa kitini mchana namwona amekaa katikati yake na kikoti chake, na safari hii ameinua miguu ili nisome.

Mimi siwezi kulinakili. Unajua litakuwa la nani. Lakini mwandiko wako hakuna atakayeudhania ni wa Fundi, wala wa mtu yeyote mwenye akili timamu. Kwa hiyo njoo. Lete kalamu yako. Utasimama pale nilipokuwa nikisimama mimi kila jioni, utaandika neno kwa neno usiongeze chako, na chini kabisa utaandika jina langu. Siyo mjane wa nani. Langu, nililopewa na wazazi wangu. Nitakuambia ukifika.

Nikichelewa mlangoni usiogope, nasikia hata nikisinzia. Ingia taratibu tu, na koti lako uliache nje, lisije likapangusa kitu.

Mimi mwenyewe